Asilimia Sitini na Mbili

Kila Ijumaa, wanaume wakisharudi kutoka msikitini, nyumba ya Bwana Marwan ilijaa harufu ya biringanya za kukaanga na wali wa maqluba. Mkewe Hanan, mama yake Jumana, alikuwa akipindua sufuria juu ya sinia kubwa, watu wote wakitulia kimya kuona kama chakula kitasimama au kitaporomoka. Kikisimama, Babu alipiga makofi kama mtoto.

Ijumaa hiyo kilisimama.

"Mkono wako usichoke, Hanan!" Babu alisema akipiga makofi, kisha akamgeukia Jumana. "Umeona? Mlima wa Salt wenyewe haujasimama hivi."

Jumana alikuwa na miaka kumi na miwili. Alimpenda Babu kuliko alivyopenda kukiri. Watu wa mtaani walimwita Abu Marwan, yaani baba yake Marwan. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa amepanda na kushuka ngazi za mji wa Salt akigawa barua za posta, na mpaka leo ungeweza kumuuliza nani aliishi nyumba ya tatu chini ya kanisa mwaka ule wa theluji nyingi, naye angekujibu, tena akuongezee na jina la mbuzi wao. Lakini mwezi uliopita alikuwa ameisahau birika jikoni ikaungua mpaka kitako kikatoboka. Tangu siku hiyo, watu wa nyumbani walimtazama kwa pembe ya jicho kila aliposhika kiberiti.

Baada ya chakula, Shangazi Rawia, dada yake baba, alimwita Jumana sebuleni. Kompyuta yake ilikuwa mezani karibu na dirisha, kiduara kidogo kikizunguka katikati ya kioo.

"Nisikilize vizuri, Jumana."

"Nakusikiliza, Shangazi."

"Kompyuta inasasisha mfumo wake. Betri yake imekufa tangu mwaka jana, inaishi kwa waya tu. Waya ukichomoka, imezimika palepale. Nakwenda hospitali kumwona mwenzangu, Mwalimu Ibtisam, amelazwa. Usiiguse, na usimruhusu mtu aiguse. Nimesemaje?"

"Nisiguse waya."

"Haya. Nakuamini."

Shangazi Rawia alifundisha watoto viziwi. Kwa miaka miwili alikuwa akiwarekodi wanafunzi wake wakionyesha ishara wanazotumia nyumbani na mitaani: mkate, mvua, bibi, naogopa, njoo tucheze. Video mia tisa na arobaini, kila moja mtoto mmoja na neno moja. Siku ya Jumanne wageni kutoka Amman wangefika shuleni kwake kuitazama kamusi hiyo ya ishara. Wakiridhika, ingepelekwa katika shule nyingine za viziwi. Na baadhi ya watoto waliorekodiwa walikuwa wameshahama na wazazi wao, wasingeweza kurekodiwa tena.

Haya yote Jumana aliyajua. Alishawahi hata kushika taa wakati wa kurekodi.

Saa kumi kasorobo, simu yake ikaanza kulia kwamba chaji inakwisha. Saa kumi kamili wasichana wa darasa lake wangepiga kura kwenye kundi lao la simu, kuchagua nani awe mtangazaji wa sherehe ya shule. Walioshindania nafasi walikuwa wawili, yeye na Sirin.

Soketi ya chumbani kwake ilikuwa mbovu. Jikoni mashine ya kufulia ilikuwa inanguruma. Ekstensheni iliyokuwa chini ya dirisha la sebule ilikuwa na matundu matatu: moja lilishaungua, moja lilikuwa na waya wa kompyuta, na la tatu lilikuwa na redio ya Babu. Babu mwenyewe alikuwa kwenye kiti chake amelala, mdomo wazi, redio ikimnong'oneza habari. Jumana alijua kwamba ukizima ile redio, Babu huamka papo hapo na kuuliza nani ameizima.

Akaitazama kompyuta. Kwenye kioo paliandikwa: *Asilimia 62. Usizime kompyuta yako.*

"Dakika mbili tu," alijiambia. Akachomoa waya.

Kioo kikawa cheusi. Alichomeka simu, akapiga kura yake, akasubiri. Sirin alishinda kwa kura tano.

Akaurudisha waya wa kompyuta, akabonyeza kitufe. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, kisha kioo kikageuka bluu na kuandika kwamba mfumo umeshindwa kuanza. Ikajizima. Ikajiwasha. Kiduara tena, bluu tena. Jumana aliijaribu mara tatu. Mara ya nne alifunga kifuniko taratibu, akaenda chumbani kwake, akafungua kitabu cha jiografia na kukitazama bila kusoma.

Shangazi Rawia alirudi jua likizama. Jumana alimsikia akivua viatu, akacheka na mama jambo fulani, akaingia sebuleni.

"Nani ameigusa kompyuta yangu?"

Wote walikusanyika. Shangazi alikuwa amekaa sakafuni, kompyuta mapajani, mwanga wa bluu usoni mwake. Baba alijaribu kubonyeza hiki na kile, akaacha.

"Jumana, wewe ulikuwepo hapa," mama alisema.

Jumana alifungua mdomo. Maneno yalikuwa tayari, yamejipanga. Lakini Babu akawahi.

"Mimi nilirekebisha waya wa redio," alisema polepole, akiitazama ekstensheni. "Ilikuwa inakwaruza. Nikauchomoa, nikauchomeka tena. Labda... labda nilichomoa ule mwingine."

"Lini, Baba?" Shangazi aliuliza.

"Mchana. Kabla ya chakula? Au baada..." Babu akajishika paji la uso. "Sikumbuki, binti yangu."

Baba na mama wakatazamana. Jumana aliwaona wakitazamana, na akajua wanafikiria birika.

"Si neno, Baba," Shangazi alisema, na sauti iliyokuwa juu ikashuka kama inayozungumza na mgonjwa. "Si neno kabisa. Ni kompyuta tu."

Jumana akaufunga mdomo. Ilikuwa rahisi mno. Hakuhitaji hata kusema uwongo, ilimtosha kunyamaza.

Jumamosi hapakuwa na la kufanya, kwa kuwa Jiries, fundi wa kompyuta pekee ambaye Shangazi alimwamini, alikuwa Karak kwenye harusi ya mpwa wake na angerudi Jumapili. Shangazi alipekua droo zote na kupata diski ya zamani yenye video za miezi ya kwanza tu. Akazihesabu: mia moja na themanini. Hakulia. Aliosha vyombo vyote vya nyumba, hata vilivyokuwa safi.

Babu naye aliifunga redio kwa kitambaa akaiweka juu ya kabati. Mama alipomletea chai aliipokea kwa mikono miwili, akasema, "Msiniache tena na jiko, Hanan. Niletee tu ikishaiva." Mtu aliyekuwa akijitengenezea chai yake mwenyewe na kuwakataza wote kugusa sukari yake!

Mchana akamwita Jumana akae karibu naye.

"Mjukuu wangu, wewe una macho ya kitoto, yanaona. Ijumaa ulikuwa unapitapita pale sebuleni. Uliniona nikichomoa ule waya?"

"Sikuona, Babu."

"Hukuona." Babu akatikisa kichwa. "Ndiyo hivyo basi. Nami sikujiona."

Hapo ndipo Jumana alipojua kwamba mlango umefungwa. Mpaka jana alikuwa amenyamaza tu. Sasa alikuwa amesema, kwa kinywa chake, machoni mwa Babu. Alilala kitandani mpaka jioni akifanya hesabu: akisema leo, atakuwa ameharibu kompyuta, amemwachia Babu lawama, na amemdanganya. Ijumaa lilikuwa kosa moja tu. Kesho sijui yatakuwa mangapi. Kila saa iliyopita iliongeza tofali kwenye ukuta, na yeye alikuwa upande wa ndani.

Jioni alimsikia baba kwenye simu, sauti chini: "Ndiyo, daktari. Anasahau. Mwezi uliopita birika, sasa hili. Jumatano? Jumatano ni sawa."

Alipokwenda kuweka miwani ya Babu mahali pake, aliona kijidaftari kipya kando ya kitanda. Mwandiko ulikuwa ule mzuri wa Babu, ulionyooka, wa mtu wa posta. *Asubuhi nimemeza dawa. Nimefunga bomba. Nimefunga mlango. Nimefunga mlango, nimehakikisha.*

Jumana alikirudisha kijidaftari haraka, kana kwamba kimemchoma.

Jumapili, siku ya kwanza ya wiki ya shule, baada ya masomo, Shangazi alivaa koti na kuiweka kompyuta kwenye mkoba. Babu akatokea mlangoni, amevaa koti lake la sherehe na kanzu iliyopigwa pasi.

"Unakwenda wapi, Baba?"

"Kwa fundi. Aliyeharibu ndiye atoe maelezo. Sitakaa hapa kama mtoto huku wengine wakinisemea."

"Baba, ngazi ni nyingi."

"Ngazi hizo unanifundisha wewe? Jumana atanishika mkono."

Basi Jumana akamshika mkono. Zilikuwa ngazi mia na kidogo mpaka Mtaa wa Hammam, na njia nzima Babu alikuwa akirudia kwa sauti ndogo, kama mwanafunzi anayekwenda kwenye mtihani: "Redio ilikwaruza. Nikainama. Nikashika waya. Mweusi au mweupe? Mweusi..."

Duka la Fundi Jiries lilikuwa jembamba kama kabati. Fundi alikuwa mtu mnene mwenye miwani mbili, moja machoni, nyingine kichwani. Alimkalisha Babu kwenye kiti pekee, mbele ya mlango. Jumana akajikuta amebanwa kwenye kona, rafu mgongoni, magoti ya Babu mbele. Asingeweza kutoka bila kumwinua.

Fundi aliiwasha kompyuta mara moja, akaona ile bluu, akaizima upesi na kuweka kidole juu ya kifuniko.

"Sikiliza, Mwalimu Rawia. Ugonjwa huu una sababu mbili. Ya kwanza, diski inakufa. Kama ni hiyo, kila nikiiwasha naizidishia kifo. Itabidi niitoe bila kuiwasha tena, niipeleke Amman kwa wataalamu. Wiki tatu."

"Wageni wanakuja keshokutwa, Jiries."

"Najua. Sababu ya pili, umeme ulikatika katikati ya kusasisha. Mfumo umebaki nusu wa zamani, nusu mpya, hauwezi kusimama. Lakini diski ni nzima, na video zako zimo zimelala salama. Hiyo naitibu leo hii, hapa mezani. Nikichagua dawa ya pili kumbe ugonjwa ni wa kwanza, naweza kuziua zote. Kwa hiyo nataka kujua kilichotokea. Si kukisia. Kujua."

Babu akajiweka sawa kwenye kiti. "Niulize mimi, mwanangu."

"Abu Marwan, ulichomoa waya?"

"Nadhani."

"Wa kompyuta au wa redio?"

"Nadhani... mweusi."

"Zote ni nyeusi, mzee wangu. Redio ilizimika uliposhika?"

Babu akafikiri. "Ilizimika. Hapana, ilizimika nilipoichomoa ili nirekebishe. Kisha ikawaka."

"Kwa hiyo ulishika wa redio. Na wa kompyuta je? Kompyuta ilikuwa imewashwa wakati huo? Ulisikia adhana? Mlikuwa mmeshakula?"

"Tulikuwa... Hanan alikuwa..." Mikono yake, ile iliyogawa barua za mji mzima bila kupoteza hata moja, ilikuwa inavuta kifungo cha koti. "Nisamehe, mwanangu. Zamani nilikuwa nakumbuka."

"Basi, Jiries," Shangazi alisema, akageuza uso ukutani. "Mwache. Toa hiyo diski, ipeleke Amman. Nitawaambia wageni wasije."

Fundi akavuta bisibisi. Akaipindua kompyuta, akaweka ncha kwenye skurubu ya kwanza.

Jumana alitazama ile bisibisi ikizunguka. Alitaka kukimbia, lakini mbele yake palikuwa na magoti ya Babu, na juu ya magoti ile mikono ikivuta kifungo.

"Ilikuwa asilimia sitini na mbili," alisema.

Bisibisi ikasimama.

"Nini?" Fundi aliuliza.

"Iliandika asilimia sitini na mbili, usizime kompyuta yako. Nikachomoa. Ni mimi. Saa kumi kasoro dakika chache. Nilitaka kuchaji simu." Akamtazama Babu. "Babu alikuwa amelala. Hakugusa chochote. Babu, nilikudanganya. Nilikuwepo, niliona kila kitu, kwa sababu ni mimi."

Nje mtu alikuwa akiita wateja wa kaki, ile mikate ya ufuta, "Moto, moto!"

Shangazi alimwangalia kwa macho ambayo Jumana hakuwahi kuyaona. Fundi Jiries akashusha miwani ya kichwani, akamsogelea.

"Una hakika na hiyo namba, mama?"

"Nina hakika."

"Ulipourudisha umeme, ilitoa sauti yoyote? Kugonga, kusaga?"

"Hapana. Ilizunguka tu, ikawa bluu. Nimeiwasha mara tatu."

"Vizuri. Yaani, si vizuri, lakini vizuri." Akakaza tena ile skurubu. "Tutaiwasha kwa flashi."

Akachomeka flashi ndogo ubavuni mwa kompyuta na kuilazimisha iisome hiyo kwanza, isiuguse ule mfumo uliovunjika. Kioo kikawa cheusi chenye maandishi meupe. Fundi aliandika mstari, akangoja. Akaandika mwingine. Mara ya kwanza ikakataa. Shangazi akafumba macho. Mara ya pili mafaili yakaanza kujipanga kama watu kwenye foleni: mkate, mvua, bibi.

"Kwanza tunazitoa nje," Fundi alisema, akiunganisha diski nyingine. "Mgonjwa hafanyiwi upasuaji watoto wakiwa ndani ya nyumba."

Video moja aliifungua kuijaribu. Msichana mdogo mwenye meno mawili tu ya mbele alitokea, akapeleka kidole kidevuni, akacheka. Shangazi Rawia akaweka mkono mdomoni.

"Huyo ni Sajida," alisema. "Wamehamia Aqaba."

Ilichukua saa moja kunakili zote mia tisa na arobaini. Kisha Fundi akaliondoa lile sasisho lililokwama nusu, akarudisha mfumo ulivyokuwa, akawasha. Kiduara kikazunguka muda mrefu, na hatimaye picha ya maua ya Shangazi ikajaa kioo.

"Alhamdulillahi," Babu alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu Jumana azungumze.

Walipanda ngazi kurudi nyumbani. Katikati Babu akahitaji kupumzika, wakakaa kwenye ngazi pana, mbele ya ukuta wa mawe ya njano. Jumana alikaa chini yao kidogo, kichwa kimeinama.

"Kwa nini hukuniambia Ijumaa?" Shangazi aliuliza.

"Niliogopa utanigombeza."

"Ningekugombeza. Ningekugombeza sana, pengine hata majirani wangesikia. Halafu Jumamosi ningekuwa nimenyamaza, tukatafuta fundi mwingine, na ungemwambia unachokijua." Akavuta pumzi. "Kuchomoa waya ni kosa la dakika mbili, Jumana. Kwa hilo nimeshakusamehe. Lakini mtazame babu yako."

Jumana alimtazama. Babu hakuwa na hasira. Hilo lilikuwa gumu zaidi.

"Kompyuta mimi siijui," Babu alisema. "Ila siku hizi mbili nilikuwa naogopa kulala. Nilijiambia, nikiamka kesho huenda nimesahau majina yenu. Nilikaa kitandani nikiyasema: Marwan, Rawia, Hanan, Jumana. Marwan, Rawia, Hanan, Jumana. Kama mtu anayeshika kamba." Akamshika bega. "Ulinifanya nisijiamini mimi mwenyewe, mwanangu. Kitu hicho usimfanyie mtu mwingine tena."

Jumana alilia hapohapo kwenye ngazi, mbele ya wapita njia, na hakujali. Babu akamwacha alie mpaka akamaliza, kisha akampa leso.

"Na baba na mama?" Shangazi aliuliza walipoinuka. "Wao nitawaambia mimi?"

Jumana alijipangusa uso. "Hapana. Nitasema mwenyewe."

Alisema mwenyewe, amesimama katikati ya sebule, tangu mwanzo, bila kuruka kitu, hata ile "sikuona, Babu". Mama aliketi chini kwa mshangao. Baba aliinuka. Akachukua simu yake, akampigia daktari na kumwomba radhi kwamba Jumatano hawatafika. Kisha akaichukua simu ya Jumana kutoka mkononi mwake na kuifungia kwenye droo.

"Hii itakaa humu mwezi mzima, kwa ajili ya waya," alisema. "Kwa ajili ya uwongo sina adhabu ya kukupa, maana naona umeshaipata. Lakini shika neno hili. Ukikosea, njoo useme siku hiyohiyo, hata kama miguu inakutetemeka. Kosa lililosemwa mapema hurekebishwa na fundi. Ukilificha, anakuja kulibeba mtu mwingine asiyejua hata amebeba nini. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Baba."

"Nimesemaje?"

Jumana akamgeukia Babu aliyekuwa ameketi kitini mwake, akamjibu yeye badala ya baba.

"Nije niseme siku hiyohiyo."